Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: mzigo wa Mwanza, lori tupu na hesabu ya hewa ukaa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUHAMISHIA RELINI MIZIGO YA KANDA YA ZIWA NA KUHESABU HEWA UKAA YA MINYORORO YETU YA UGAVI

Pokea salamu kutoka Mwanza. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Nyakato. Nauza saruji, nondo na mabati. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linamgusa kila anayejenga huku, kila mwenye lori, kila mkulima wa pamba, na kila anayeishi kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam hadi ziwani.

Siku hizi tunasikia sana habari za hewa ukaa, na mara nyingi kinachotazamwa ni bomba la moshi la kiwanda. Mkoa wenye viwanda vingi unaonekana mchafu, usio navyo unaonekana msafi. Kwa kipimo hicho Mwanza itapata alama nzuri kwenye saruji, maana matanuri makubwa ya klinka, ile malighafi inayosagwa kupata saruji, hayako huku. Yako Wazo na Kimbiji jijini Dar es Salaam, yako Tanga, Mtwara, na Songwe kule Mbeya. Lakini nyumba zinazojengwa Buswelu, Kisesa na Usagara zimebeba moshi wa matanuri hayo pamoja na moshi wa safari nzima ya kuja huku. Ukitaka kujua mkoa unatumia nishati kwa ufanisi au unaifuja, uliza bidhaa zake zinatoka wapi, zinafikaje, na chombo kilichozileta kinarudi na nini. Maswali mawili ya mwisho yako kwenye meza yako, Mheshimiwa, ndiyo maana barua hii haijaenda kwa Waziri mwenzako wa Mazingira.

Niruhusu nipige hesabu kama tunavyopiga dukani. Lori moja la semi linaleta tani 30 za saruji, yaani mifuko 600 ya kilo 50. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa, kwa kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, ni kilomita 1,150 hivi. Dereva yeyote wa njia hii atakwambia lori lililoshiba linakunywa lita 45 hivi kwa kila kilomita 100, na Mlima Sekenke hauna huruma na mtu. Safari ya kuja peke yake inakula kama lita 520. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Basi lori hilo likifika Nyakato limeshaacha njiani tani 1.4. Ukigawanya kwa mifuko 600, kila mfuko umebeba kilo 2.3.

Hapo wengi huishia. Lori lakini halijafika nyumbani kwake, na likirudi tupu litakula tena karibu lita 345. Ukijumlisha kwenda na kurudi, kila mfuko unafikia kilo 3.9. Kwa hiyo, katika moshi wote wa barabarani ambao mfuko ule umesababisha, karibu asilimia 40 umetoka kwenye gari lisilobeba kitu.

Sitaki kukuza jambo kupita kiasi. Tanuri ndilo lenye sehemu kubwa kuliko barabara. Mawe ya chokaa yakichomwa kupata klinka hutoa hewa ukaa yenyewe, hata kabla hujahesabu mafuta ya kuchomea, takriban nusu tani kwa kila tani ya klinka. Mfuko wa kilo 50 unaweza kutoka kiwandani ukiwa tayari na kilo 30 hadi 40 za hewa ukaa, kutegemea klinka ni kiasi gani ndani yake. Kilo 3.9 za barabarani ni kama sehemu moja ya kumi ya hizo. Ila ile kubwa imefungwa kwenye kemia ya jiwe, na kuipunguza kunadai teknolojia mpya na mabilioni. Hii ya barabarani inapunguzika kwa ratiba, mabehewa na maamuzi ya wizara. Tena saruji nimeichukua kwa kuwa ndiyo naijua. Kwa mchele, sukari, soda na mashudu, bidhaa ambazo hazitoki kwenye tanuri la chokaa, barabara huchukua sehemu kubwa zaidi ya hesabu nzima.

Hata hilo tanuri lina mnyororo wake nyuma yake. Kiwanda cha Wazo kinatumia gesi ya Songosongo, inayofika kwa bomba. Kiwanda kinachotumia makaa ya mawe ya Ngaka, Mbinga, kinayapokea kwa malori yanayokata mamia ya kilomita. Tangu Serikali ilipozuia makaa kutoka nje mwaka 2016, makaa ya ndani yamepata soko na watu wa Ruvuma wamepata kazi, na hilo nalifurahia kwa dhati. Lakini gesi huungua ikitoa hewa ukaa pungufu ya makaa kwa joto lilelile, na bomba halihitaji dereva wala dizeli. Mifuko miwili inayofanana kwa rangi na uzito inaweza kuja dukani kwangu na historia mbili tofauti kabisa, na hakuna karatasi inayoniambia upi ni upi.

Turudi kwa lile lori linalorudi, maana hapo ndipo penye uchungu wangu. Gari likiingia, utingo anafungua turubai, wapakuzi wanaanza kushusha, mfuko kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Dereva yeye hajakaa chini. Ameshika simu anatafuta dalali wa mzigo wa kurudi. Kuna mchele Kahama lakini haujakobolewa. Kuna robota za pamba Maswa lakini mwenye kinu ana msafirishaji wake. Kuna dengu Magu, ila ni tani saba tu. Akikaa siku mbili, bosi wake anampigia simu kwamba gari linatakiwa kupakia tena. Mwisho anaondoka tupu, na njiani anapishana na lori jingine lililotoka Dar es Salaam tupu kwenda kuchukua mchele uleule wa Kahama. Wote wawili wamenunua dizeli iliyoingia nchini kwa dola.

Kanda hii haikosi mzigo. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi inalimwa huku, na Simiyu ndiyo inaongoza. Kuna mchele wa Shinyanga na Geita, dengu, choroko, mashudu, ngozi, minofu ya sangara. Mzigo upo, ila umetawanyika kwa maelfu ya mikono, na hapana mahali pamoja pa kuukusanya ukasubiri usafiri wenye uhakika. Pamba ndiyo inayoniumiza zaidi. Inatoka vinuni ikiwa robota, inapanda lori hadi bandarini, inavuka bahari, inasokotwa na kufumwa huko, halafu inarudi ikiwa kitenge na kupanda lori tena kuja Mwanza, jiji lililowahi kuwa na kiwanda cha nguo cha Mwatex. Ninajua viwanda vya nguo haviko chini yako. Lakini hakuna mwekezaji wa nguo atakayekaa Mwanza ikiwa hajui nguo zake zitafika Dar es Salaam siku gani na kwa bei gani. Reli yenye ratiba ndiyo inayoweza kumleta.

Mheshimiwa, Serikali imeshaonyesha kwamba maamuzi ya usafirishaji yanabadilisha hali upesi. Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilipozinduliwa Juni 2025, foleni ya kivuko iliisha. Tuliokuwa tunapeleka saruji Sengerema na Geita tunaujua ule msururu: magari yanawaka injini, yanasogea hatua moja, yanasubiri tena. Leo unavuka kwa dakika chache. Kule kusini, msimu wa 2023/24 iliamuliwa korosho za Mtwara, Lindi na Ruvuma zisafirishwe kupitia bandari ya Mtwara badala ya kupakiwa kwenye malori hadi Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 500 za lori zilizofutwa kwa mzigo wa Mtwara, kwa uamuzi tu, kwa kutumia bandari iliyokuwa imeshajengwa. Nilipolisikia lile nilijiuliza kwa nini tusipate uamuzi wa namna hiyo kwa saruji na pamba.

Sasa tuje kwenye reli. Reli ya kisasa ya umeme imekwishaonekana kwa macho: abiria wanasafiri Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, na mwaka 2025 ikaanza kubeba mizigo, sambamba na kufunguliwa kwa Bandari Kavu ya Kwala. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina uwezo wa megawati 2,115. Treni inayovutwa na umeme wa Rufiji haichomi dizeli njiani, na kwa mara ya kwanza nchi hii ina nafasi ya kusafirisha mzigo mzito kwa nishati inayotoka kwenye mto wake. Ni jambo kubwa, nalisema bila kusitasita.

Kwetu, hata hivyo, reli hiyo bado haijafika. Juni 2021 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, na hadi vipande vyote vya katikati vikamilike, kutoka Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Isaka, saruji yetu itaendelea kupanda Sekenke. Ombi langu la kwanza linahusu kipindi hiki cha kusubiri. Tuna reli ya zamani. Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Kati ya Dar es Salaam na Isaka, kilomita 970, imefanyiwa ukarabati kwa fedha nyingi. Treni yake ni ya dizeli, lakini treni ya dizeli hutumia takriban robo hadi theluthi ya mafuta ya lori kwa kila tani na kila kilomita. Zile kilo 3.9 za mfuko wangu zingeshuka hadi kati ya kilo 1 na 1.3.

Kwa nini basi mimi na wenzangu hatuitumii? Nitakujibu kwa niaba yangu na ya wengi ninaoongea nao sokoni. Lori lina bei kubwa lakini lina siku. Nikilipa Jumatatu, najua Alhamisi au Ijumaa nitapakua. Mzigo wa treni ukiuliza utafika lini, unaambiwa mabehewa yakipatikana. Mvua ikinyesha, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinasombwa na mafuriko ya Mkondoa, kama ambavyo kimekuwa kikisombwa miaka nenda rudi. Mfanyabiashara mwenye mkopo benki hawezi kumwambia fundi wa mteja wake asubiri mto upungue. Sisi hatuna chuki na reli. Tunanunua uhakika, na kwa sasa uhakika unauzwa na mwenye lori.

Naomba treni moja ya mizigo kwa wiki kati ya Dar es Salaam na Mwanza Kusini, iwe na siku na saa iliyotangazwa, iondoke hata kama behewa mbili hazijajaa. Wenye maduka ya Mwanza tuko tayari kuungana na kukodi mabehewa kwa pamoja, na naamini wenzetu wa Shinyanga na Kahama pia. Mwaka 2019 treni ya mizigo iliporudi kati ya Tanga na Moshi baada ya miaka zaidi ya kumi ya ukimya, saruji ilikuwamo kwenye mzigo wake. Kwa hiyo si jambo geni kwa shirika letu la reli. Na treni hiyo ya wiki irudi na robota na mchele. Ikirudi tupu, tutakuwa tumehamisha tatizo lilelile kutoka lami kwenda kwenye vyuma.

Ombi la pili ni la Fela, kituo cha reli mpya nje kidogo ya jiji la Mwanza. Hofu yangu kubwa kuhusu SGR, yaani ile reli ya kisasa, ni kwamba siku itakapofika Mwanza, stesheni ya abiria itang'aa na sehemu ya mizigo itakuwa uwanja wa kokoto. Treni haiji dukani kwangu. Lazima mzigo ushushwe mahali, uhifadhiwe pakavu, upakiwe kwenye Fuso, upelekwe Magu, Sengerema, Geita, au uvushwe ziwa kwenda Ukerewe. Ikiwa kushusha kutachukua siku tatu na saruji ikapigwa na mvua, wote tutarudi kwenye lori, na umeme wa Rufiji utabaki unavuta abiria tu. Maghala ya saruji na ya robota, winchi za makontena, na barabara ya lami ya kuingilia vinatakiwa vikamilike kabla au pamoja na reli. Vilevile kule mwanzo wa safari: mfuko ukitoka Wazo kwa lori, ukashushwa, ukapakiwa tena kwenye behewa, kila mkono unaougusa unaongeza gharama na mifuko inayopasuka. Njia za reli zinazoingia ndani ya viwanda ndizo zinazofanya reli ishinde kwa bei. Wenye viwanda wakae nawe wakwambie watachangia nini.

Najua kuna watakaosema ninataka kuwaua wenye malori. Madereva ninaofanya nao kazi ni watu wenye familia, na wengi wamezeeka kwenye usukani ule. Lakini waulize wao wenyewe wanaipenda ipi: kukesha kwenye foleni ya mizani Vigwaza na kulala Manyoni chini ya trela, au kuzunguka kati ya Fela na Geita na kulala nyumbani. Kanda hii ni kubwa, na reli inagusa mstari mmoja tu. Kazi ya lori kutoka stesheni hadi kijijini haitaisha. Wanaohitaji kusaidiwa ni wale waliokopa magari makubwa kwa ajili ya safari ndefu, na naomba mpango wa mpito uwafikirie mapema, wasije wakajua mabadiliko siku mzigo unapopotea.

Ombi langu la tatu halihitaji saruji wala chuma. Tanzania imeahidi kimataifa kwamba ifikapo 2030 itapunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ikilinganishwa na hali ingekuwaje bila kuchukua hatua. Hesabu za taifa hupangwa kwa sekta: nishati, viwanda, kilimo, misitu, taka. Mpangilio huo una kazi yake, ila haunionyeshi kwamba nyumba ya Buswelu na tanuri la Wazo na lori la Sekenke ni kitu kimoja. Wizara yako, ikishirikiana na ya Ujenzi yenye mizani, ina takwimu ambazo wengine hawana: mizani inapima uzito wa malori, reli ina hati za kila behewa, bandari ina orodha ya kila kontena. Zikiunganishwa, mnaweza kuchapisha kila mwaka, kwa kila ushoroba, yaani kila njia kuu ya mizigo, tani ngapi zilipita, kilomita ngapi, dizeli kiasi gani, na magari mangapi yalipita tupu. Hapo mkuu wa mkoa wa Mwanza atajua mkoa wake unasababisha hewa ukaa kiasi gani kwa kila tani inayoingia na kutoka, na atajua nani wa kumbana. Hilo la magari tupu nalisisitiza. Mizani inayapima kila siku, lakini sijawahi kuona hesabu yake ikitolewa kwa wananchi.

Nimesikia pia hoja kwamba dawa ni kila kanda kuwa na kiwanda chake cha kila kitu. Kwa baadhi ya bidhaa nakubali. Nguo ni mfano mzuri, kwa kuwa pamba iko hapa. Kwa klinka sikubali haraka hivyo. Tanuri dogo lililo mbali na chokaa nzuri na mbali na bomba la gesi, likichoma makaa yaliyoletwa kwa lori kutoka Mbinga, linaweza kutoa hewa ukaa nyingi kwa kila mfuko kuliko mfuko uliosafiri kwa reli kutoka pwani. Ukaribu peke yake si ufanisi. Ndiyo maana natamani hesabu ifanywe kwanza, bidhaa kwa bidhaa, kabla ya wanasiasa wetu wa mikoa kuanza kugombania viwanda.

Hotuba ya bajeti ya wizara yako husomwa bungeni kila mwaka. Naomba ijayo iseme mambo matatu kwa tarehe: siku ya treni ya kwanza ya mizigo yenye ratiba kati ya Dar es Salaam na Mwanza Kusini, mwezi ambao ujenzi wa maghala ya Fela utaanza, na mwezi ambao takwimu za malori tupu za ushoroba wa kati zitachapishwa kwa mara ya kwanza. Tukipata tarehe ya lile la kwanza, mimi na wenzangu wa Nyakato tutaleta orodha ya tani zetu kwa maandishi ndani ya mwezi huohuo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi,
Nyakato, Mwanza.